Nyumba Yetu: Tangi la Choo Linapovuja



Juma hili tutasema juu ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja, nalo ni choo. Haya hiyo haina faida. Katika nyumba yenye choo cha maji, tangi lake ni mojawapo ya vyombo vinavyotumia maji mengi kabisa, nalo ndilo tunaloliangalia mara chache kuliko vyote. Tunavuta, maji yanashuka, tunatoka, tunafunga mlango. Yanayoendelea nyuma ya mlango huo hatuyajui. Sisi wenyewe tulipata aibu kwa sababu ya kutojua huko, na leo twataka kuwaeleza aibu ile jinsi ilivyokuwa, ili ninyi msiipate.

Tunakaa Lubumbashi, katika nyumba yenye robine mbili, moja ya jikoni na moja ya uani, na choo kimoja cha maji. Tuko watu saba. Kwa muda mrefu konteri, yaani mita ya maji, ilionyesha kwamba tunatumia kadiri ya meta za ujazo 14 kwa mwezi. Mwezi mmoja hati ya malipo ikafika imeandikwa 18. Tulidhani ni kosa la mwandishi. Mwezi wa pili ikaandikwa tena 18. Hapo tukawakusanya watu wote wa nyumbani, tukauliza: "Ni nani anayechezea maji?"

Hakuna aliyejibu. Basi tukafanya kama wafanyavyo wazazi wengi wenye haraka: tukatafuta mkosaji kabla ya kulitafuta kosa. Binti yetu wa miaka kumi na miwili ndiye aoshaye vyombo na kufua nguo za wadogo zake pale uani. Tukasema ni yeye, kwa kuwa robine ya uani iko mikononi mwake kila siku. Akasema, "Baba, mimi naifunga kila mara." Tukamwambia asibishane na wakubwa. Tukaagiza kwamba tangu siku hiyo asiiguse tena robine, bali achote maji ya kufulia katika kisima cha jirani. Kwa majuma mawili mtoto yule alibeba bidoni kila jioni baada ya masomo, wala hakunung'unika. Siku moja tu alimwambia mama yake: "Mama, choo kinasema usiku." Mama yake akatuletea neno hilo, nasi tukacheka.

Jumamosi iliyofuata mzee mmoja jirani, aliyefanya kazi ya ufundi wa mabomba kwa miaka mingi, alikuja kuazima ngazi. Akapita karibu na choo, akasimama, akatega sikio. "Mwalimu," akatuuliza, "kuna mtu aliyetoka chooni sasa hivi?" Tukamjibu, "Hapana, mzee, hakuna aliyeingia tangu asubuhi." Akasema, "Basi, mbona tangi linajaa? Nipe kalamu ya risasi."

Hatukuelewa. Tulitazamia kwamba fundi ataomba spana au nyundo. Lakini kalamu ile ya mtoto wa shule ndiyo iliyotuonyesha mwizi wa maji. Kabla ya kuwaeleza alivyoitumia, yatupasa kwanza kutazama ndani ya tangi.

TANGI LENYE AFYA

Mganga asiyeujua mwili mzima hawezi kuujua mwili mgonjwa. Inua mfuniko wa tangi polepole kwa mikono miwili, maana mara nyingi ni wa kauri na huvunjika upesi. Uweke chini, mahali ambapo watoto hawapiti. Ndani utaona vitu vitatu.

Cha kwanza ni boya lielealo juu ya maji. Boya hilo limeungwa na robine ndogo iletayo maji katika tangi. Maji yakishuka, boya hushuka pamoja nayo na kuifungua robine. Maji yakipanda, boya hupanda na kuifunga. Wanafunzi watakumbuka Arkimede wa Sirakusa, aliyeishi katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Yeye alifundisha kwamba kitu kilichozama majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando nacho. Nguvu hiyo hiyo ndiyo inayoifunga robine ya boya nyumbani mwenu kila siku.

Cha pili ni kizibo chenye mpira, kilichokaa juu ya tundu la chini ya tangi. Uvutapo mnyororo au ubonyezapo kitufe, kizibo huinuka, na maji huanguka kwa nguvu katika bakuli la choo. Kisha kizibo hurudi mahali pake, na uzito wa maji yenyewe hukikandamiza kisiinuke. Wanafunzi wa hesabu wapige hesabu hii: tundu lenye upana wa sentimeta 6 lina eneo la sentimeta za mraba 28 hivi, maji yakiwa na kimo cha sentimeta 20 juu yake, uzito unaokandamiza ni zaidi kidogo ya nusu kilo. Nusu kilo si nguvu kubwa. Kwa hiyo chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya mpira, yatosha kuyapa maji njia.

Cha tatu ni mrija wa kufurikia, yaani bomba lililosimama wima, mdomo wake wazi kwa juu. Katika matangi mengi ya siku hizi, mrija huo ni mhimili wenyewe wa kizibo ulio katikati ya tangi. Robine ya boya isipofunga sawasawa, maji hupanda mpaka mdomoni mwa mrija, huingia humo na kushukia bakulini badala ya kumwagika sakafuni. Mrija huu huiokoa nyumba isifurike, lakini pia huficha ugonjwa, kwa kuwa mwenye nyumba haoni tone hata moja sakafuni.

Basi maji ya tangi yana njia tatu tu za kutoroka: kwa chini, penye kizibo, kwa juu, katika mrija, au kwa nje, penye ufa au nati iliyolegea. Njia mbili za kwanza haziloweshi kitu chochote. Maji safi huingia katika maji ya bakuli na kwenda zake. Ndiyo maana nyumba yaweza kupoteza maji miezi mingi huku sakafu ni kavu kabisa.

KUYAULIZA MAJI YENYEWE

Kwanza, ujue kama kuna uvujaji. Chagua wakati ambapo maji yanakuja vizuri. Funga robine zote, soma tarakimu za konteri na kuziandika. Ngoja saa moja, mtu yeyote asitumie maji, kisha soma tena. Tarakimu zikibadilika, maji yanapotea. Konteri nyingi zina pia gurudumu dogo linalozunguka hata maji yakipita kidogo sana. Funga robine ndogo iliyo ukutani karibu na tangi, ulitazame gurudumu lile. Likisimama, mwizi ni choo; likizidi kuzunguka, mtafute mahali pengine, labda katika bomba lililozikwa chini ya ardhi. Lakini msifanye jaribio hili wakati maji yanaporudi baada ya kukatika, maana hewa inayosukumwa katika mabomba yaweza kuizungusha konteri na kuwadanganya.

Asiye na konteri atumie kahawa. Mimina kikombe cha kahawa nyeusi iliyo kali sana katika tangi, au koroga humo buluu kidogo ya kufulia nguo, na usivute maji kwa muda wa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, tangi linavuja.

Sasa umejua kwamba maji yanatoroka, lakini hujajua ni kwa njia gani. Hapo ndipo inapohitajiwa kalamu ya risasi. Mzee yule alingoja tangi lijae, akapiga mstari juu ya ukuta wa ndani wa tangi, pale pale uso wa maji ulipofika. Akaifunga robine ya ukutani. Kisha akasema, "Sasa, mwalimu, tunywe chai." Tulikunywa chai nusu saa, tukarudi. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari, hata yule mdogo wetu wa mwisho aliona. Mzee akatueleza mambo manne, nasi tunawaomba muyaandike.

Maji yakishuka chini ya mstari na sakafu ikabaki kavu, kosa ni la kizibo.

Maji yakibaki penye mstari, kizibo ni kizima. Kosa ni la robine ya boya, ambayo ilikuwa ikiingiza maji kupita kiasi, na yale ya ziada yakishuka katika mrija.

Maji yakishuka kidogo kisha yakasimama, tazama palepale yaliposimama: mara nyingi mrija una ufa penye kimo hicho.

Maji yakishuka huku sakafu inalowa, njia ni ya nje.

Jaribio zima lagharimu nusu saa na mstari mmoja. Lakini mzee hakuishia hapo. Alitutuma tulete chupa ya lita moja na nusu, akarudisha maji katika tangi mpaka yakafika penye mstari. Zilihitajiwa chupa mbili. Maana yake, tangi lilikuwa limepoteza lita 3 kwa nusu saa, yaani lita 6 kwa saa. Kwa siku moja ni lita 144. Kwa siku 30 ni lita 4,320, ndizo meta za ujazo 4 na zaidi. Tulitazama hesabu ile, tukakumbuka hati ya malipo: 14 na 18. Tofauti yake yote ilikuwa mbele yetu, imo ndani ya tangi. Nje, bidoni ya binti yetu ilikuwa imeegemezwa ukutani.

Wazee husema: chururu si ndo ndo ndo. Tone moja likianguka kila sekunde, mchana na usiku, ni lita 4 hivi kwa siku. Hiyo ndiyo ndo ndo ndo, nayo mtu huisikia na kukasirika. Lakini chururu ya tangi letu, iliyopita kimya ndani ya bakuli, ilichukua lita 144, ambazo ni bidoni saba za lita 20. Tena yafaa tujue thamani yake. Mashirika mengi yanayosaidia watu waliopatwa na maafa hufuata kanuni za kitabu kiitwacho Sphere, nacho huweka lita 15 kwa kila mtu kwa siku kuwa kiasi cha chini cha maji ya kunywa, kupikia na kujisafisha. Basi kila siku tangi letu lilitupa fungu la watu tisa, katika mji ambamo jamaa nyingi huamka kabla ya jua ili kutafuta maji.

DAWA YA KIZIBO

Ugonjwa wa kizibo ndio uliokuwa wetu, na ndio unaoonekana mara nyingi. Kwanza hakikisha kwamba hakuna kitu kinachokizuia kizibo kushuka: mnyororo uliokaza mno, fimbo iliyopinda, au kitufe kilichokwama. Mnyororo wa kizibo wapasa kulegea kidogo, kadiri ya sentimeta moja. Huenda ugonjwa wote ni huo, na kupona kwake ni kazi ya dakika mbili.

Kama sivyo, funga robine ya ukutani, uvute maji yashuke, ukaushe yaliyobaki kwa kitambaa. Toa kizibo. Katika matangi mengi ya siku hizi, chombo chote cha katikati hutoka ukikizungusha robo ya mzunguko. Tazama mpira wake. Ukiwa na mchanga, uoshe. Ukiwa na ganda jeupe la chokaa, ulaze katika siki nyeupe kwa muda wa saa moja au mbili, kisha uusugue kwa kitambaa laini. Pitisha kidole kuzunguka mdomo wa tundu ambapo mpira hukaa: pakiwa na ukwaruzo wa chokaa, pasafishe vivyo hivyo kwa siki na kitambaa. Kisu kisitumike kamwe, maana mkwaruzo mmoja wa kisu huwa njia mpya ya maji.

Mpira ukiacha weusi kwenye vidole, au ukiwa mgumu, au umejikunja, umekufa, na kuosha hakutaufufua. Nunua mwingine. Msiende sokoni mikono mitupu kumwambia muuzaji, "Nipe mpira wa choo." Chukueni ule wa zamani, muulinganishe na mpya kwa upana na unene, kwa kuwa matangi si ya namna moja. Wengine hukata kipande cha mpira wa gurudumu la baiskeli. Twaelewa shida inayowafanya kufanya hivyo, na kwa siku chache chaweza kupunguza uvujaji. Lakini hakikai sawasawa, na mwenye nyumba akikisahau hurudi mwanzo.

Mkisha kurudisha kila kitu, fungueni robine, ngojeni tangi lijae, mkarudie jaribio la kalamu. Kazi isiyojaribiwa haijaisha.

DAWA YA ROBINE YA BOYA

Kama maji yalibaki penye mstari, tazama boya. Uso wa maji wapasa kusimama sentimeta 2 au 3 chini ya mdomo wa mrija. Ukiwa juu zaidi, shusha boya. Katika matangi ya zamani boya lina mkono wa shaba: uukunje kidogo kwenda chini, kwa mikono miwili, bila kuutia nguvu penye robine. Katika matangi mapya kuna parafujo au kibano kidogo cha kupandishia na kushushia. Lishike pia boya lenyewe na kulitikisa. Likiwa na maji ndani, limetoboka na haliwezi kuelea; sharti libadilishwe. Likiwa linagusa ukuta wa tangi, ligeuze lipate nafasi.

Sasa inua boya juu kwa mkono. Maji yakikoma kabisa, kipimo tu ndicho kilichokuwa kibaya. Yakiendelea kuingia, ugonjwa umo ndani ya robine yenyewe. Huku kwetu sababu yake yajulikana. Maji yakikatika na kurudi, husukuma mchanga na kutu vilivyokaa katika mabomba, navyo hukwama katika mpira mdogo wa robine ile. Funga robine ya ukutani, fungua kofia ya robine ya boya, utoe ule mpira mdogo na kuuosha. Ukiwa na kovu, ubadilishe. Kabla ya kurudisha kofia, funika mahali pale kwa kikombe kilichopinduliwa, mtu mwingine afungue robine ya ukutani nukta mbili tu na kuifunga tena. Uchafu uliobaki utatoka.

Neno moja zaidi kwa wale wanaosema, "Mchana tangi halivujishi, ni usiku tu." Hao hawakosei. Usiku watu wengi hufunga robine zao, na msukumo wa maji katika mabomba huzidi. Robine iliyochoka, ambayo mchana hufunga kwa shida, usiku hushindwa. Kwa hiyo jaribio lisilofunua kitu mchana lirudiwe baada ya chakula cha jioni, wakati mtaa umenyamaza.

DAWA YA NJE

Sakafu ikilowa, kausha kwanza tangi lote, mabomba na nati kwa kitambaa. Zungusha karatasi kavu penye kila kiungo, uone ni ipi inayolowa kwanza. Lakini tahadhari: majira ya mvua, hewa ikiwa na unyevu na maji ya bomba ni baridi, tangi hutoa jasho kama chupa ya bia iliyotoka katika friji. Jasho si uvujaji. Ili kutofautisha, tia kahawa katika tangi. Maji ya nje yakiwa na rangi, yanatoka ndani ya tangi. Yakiwa meupe, ni jasho, au yanatoka katika bomba linaloleta maji.

Nati iliyolegea ikazwe kwa mkono, kisha robo ya mzunguko tu kwa spana, basi. Kauri haivumilii nguvu. Watu wengi walioanza na tone moja la maji walimaliza na tangi lililopasuka, kwa sababu walikaza nati kama wanaofunga gurudumu la lori. Tangi likiwa na ufa, msiamini gundi wala saruji kwa muda mrefu. Tafuteni jingine, na mpaka hapo mlifungie maji na kutumia ndoo.

Kuna makosa mengine mawili ya kuepuka. La kwanza ni kupaka mpira mafuta ya mgando ili "ukae vizuri": mafuta yatokanayo na petroli huvimbisha na kuharibu mipira mingi. La pili ni kutumbukiza vidonge vya klori ndani ya tangi ili choo kinukie: klori ikikaa humo mchana na usiku hula mpira. Usafi wa choo hufanyika bakulini, kwa brashi, si katika tangi.

Na kama robine ya ukutani imeshika kutu na kukataa kuzunguka, msiitie nguvu. Fungeni ile kubwa iliyo penye konteri, mkamwite fundi. Kumwita fundi si aibu. Lakini mwenye nyumba aliyekwisha kuyauliza maji atamwambia fundi, "Kizibo hakifungi," badala ya kusema, "Choo kimeharibika." Wa kwanza atalipa mpira mmoja. Wa pili huenda akalipa tangi zima.

KOSA LETU

Katika tangi letu mzee alikuta chembe za mchanga, na mpira uliokwisha kuwa mgumu. Tulinunua mwingine Jumatatu, tukautia wenyewe, huku binti yetu akitushikia taa. Mwezi ule uliofuata hati ya malipo ilirudi kuwa 14.

Lakini mpira wa tangi haukuwa kitu pekee kilichohitaji kutengenezwa. Jioni ya Jumamosi ile, baada ya mzee kwenda na ngazi yake, tuliwakusanya tena watu wote wa nyumbani mahali palepale tulipomhukumu mtoto. Haikuwa rahisi. Sisi ni mwalimu, na kila siku tunawaambia wanafunzi wasitoe jibu kabla ya kupiga hesabu. Tulimwambia binti yetu mbele ya wadogo zake: "Mwanangu, tulikukosea. Maji hukuyapoteza wewe. Ulisema kweli, nasi hatukukusikiliza." Akainamisha macho, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza jambo moja tu: "Basi, baba, kesho naweza kufulia hapa uani?"

Majuma mawili ya bidoni hatuwezi kumrudishia. Mzazi akimkemea mtoto kwa kosa lake, mtoto husahau upesi. Akimkemea kwa kosa lisilo lake, hukumbuka. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tulijifunza kwamba nyumba ina nyufa nyingine zaidi ya zile za mabomba. Katika jamaa, kitu kikipungua, iwe maji, sukari au fedha, macho yetu hukimbilia kwa mdogo kuliko wote, kwa yule asiyeweza kujitetea: mtoto, mtumishi, au yule mpwa aliyetoka kijijini kuja kusoma. Afadhali kuanza na kalamu ya risasi. Vitu havina hila, navyo hujibu vikiulizwa vizuri.

Basi, wasomaji wapenzi, twawapa kazi ya juma hili. Jumamosi, inueni mfuniko wa tangi lenu, mpige mstari, mfunge robine, mnywe chai yenu nusu saa. Waiteni watoto watazame pamoja nanyi, na mmoja wao apewe kazi hiyo kila mwezi. Kwetu mwenye kazi ni binti yule. Kalamu yake imefungwa kwa uzi penye msumari nyuma ya mlango wa choo, na katika daftari ndogo huandika tarehe na neno moja: "Kimya."

Juma lijalo, tukijaliwa, tutasema juu ya robine ya jikoni inayodondoka, na namna ya kukata mpira wake.